IMAMU NAWAWI NA KUMTAJA MWENYEZI MUNGU

Hakuna mji wa pwani yetu, tangu Lamu hata Vanga, ambao jina la Imamu Nawawi halikutajwa humo. Mtoto akihitimu chuoni hutiwa katika Arbaini. Misikiti mingi husomwa Riyadhus Salihin baada ya sala, wazee wameegemea nguzo wasikiliza. Na mwenye kutaka kuwa mwanachuoni katika madhehebu yetu ya Kishafi hana njia illa apite katika Minhaj, kitabu ambacho masheikh na makadhi wetu wamekitegemea kwa vizazi vingi. Walakini ukimwuliza mmoja wetu Nawawi alikuwa mtu gani, aliishi wapi, alikula nini, alisema nini mbele ya mfalme, wengi watanyamaza. Twalijua jina lake kama tulijuavyo jina la mtaa, na mwenye jina hatumjui.

Lililotusukuma kuandika habari zake ni ugomvi. Kila mwaka, khasa ikingia miezi ya Rajabu na Shaabani, twaletewa masuali juu ya dhikri. Huyu asema dhikri ya kusimama kwa matari na kuvuta pumzi ndiyo roho ya dini, na asiyekuja ni mwenye moyo mkavu. Yule asema wote wale ni wazushi, wala hataki hata kuwarudishia salamu. Twawajua ndugu wa tumbo moja ambao hawakukaa sinia moja kwa sababu hii. Na la ajabu ni kwamba pande zote mbili husema: Nawawi yuko pamoja nasi. Basi tumeona ni bora tumwendee mwenyewe, tutazame maisha yake, kisha tukifungue kitabu alichokiandika khasa kwa jambo hili.

Jina lake ni Yahya bin Sharaf, na kuniya yake ni Abu Zakariya. Alizaliwa katika mwezi wa Muharram mwaka wa 631 Hijria, sawa na mwaka 1233 wa Kizungu, katika kijiji cha Nawa, nchi ya Haurani, kusini ya mji wa Dimashqi huko Sham. Watu walimpa lakabu ya Muhyiddin, yaani mwenye kuihuisha dini. Yeye mwenyewe aliichukia lakabu hiyo, na imepokewa kwamba hakumridhia mtu amwite kwayo, kwa kuona kuwa dini i hai na haimngojei Yahya aihuishe. Twalitaja hili kwa kuwa siku hizi matangazo ya mihadhara hubandikwa ukutani na lakabu za msemaji zikachukua nusu ya karatasi.

Baba yake alikuwa mtu mwema mwenye duka. Alimtia mwanawe dukani amsaidie, na mtoto akawa auza na anunua, walakini Qur'ani haimtoki ulimini. Alipokuwa na umri wa miaka kumi alipita pale Nawa mtu mwema aliyekuwa akiitwa Sheikh Yasin wa Marrakesh. Akawaona watoto wanamlazimisha Yahya kucheza nao, naye awakimbia akilia, na huku analia anasoma Qur'ani. Sheikh Yasin akamwendea mwalimu wake wa chuo akamwusia juu ya mtoto huyu, akamwambia kwamba yatarajiwa awe mjuzi na mchaji Mungu kuliko watu wa zama zake. Mwalimu akamwuliza kama yeye ni mnajimu. Akajibu kuwa si mnajimu, bali Mwenyezi Mungu ndiye aliyemtamkisha hayo. Yale maneno yakafika kwa baba, naye akamshughulikia mwanawe mpaka akahifadhi Qur'ani kabla ya kubaleghe.

Mwaka wa 649 Hijria baba alimchukua kijana wake, naye yapata miaka kumi na tisa, akampeleka Dimashqi. Huko alipata chumba katika Madrasa ya Rawahiya, akawa ala chakula kidogo walichokuwa wakigawiwa wanafunzi. Katika muda wa miezi minne na nusu hivi alihifadhi kitabu cha Tanbih cha Sheikh Abu Is-haq Shirazi, na katika sehemu iliyobakia ya mwaka akahifadhi robo ya Muhadhab. Mwaka 651 alihiji pamoja na baba yake. Homa ilimshika tangu walipotoka Nawa hata siku ya Arafa, wala baba yake hakumsikia akiugua hata mara moja.

Aliporejea alisoma kusoma ambako sisi, tulio na taa za umeme na vitabu vilivyopigwa chapa, twaona haya kukusimulia. Alikuwa na darasa kumi na mbili kila siku mbele ya masheikh zake: fiq-hi, hadithi, nahau, sarufi, lugha, usuli, majina ya wapokezi wa hadithi na mengineyo, na kila darasa aiandikia maelezo. Katika masheikh zake alikuwamo Ibn Malik, mtungaji wa Alfiya. Imepokewa kwamba alikaa miaka miwili hakuweka ubavu wake chini. Usingizi ukimzidi huegemea vitabu kidogo, kisha huzinduka. Akitembea njiani alikuwa akikariri aliyoyahifadhi.

Mara moja alipendezwa na elimu ya utabibu, akanunua kitabu cha Qanun cha Ibn Sina. Alieleza baadaye kuwa moyo wake uliingia giza siku kadhaa, asiweze kushughulika na kitu chochote, hata alipokitoa kitabu kile chumbani na kukiuza ndipo nuru ikamrejea. Asije mtu akafahamu kwamba utabibu ni haramu. Imamu Shafi aliutukuza, na mji usio na tabibu Mwislamu una upungufu. Yule alikuwa mtu aliyeumbiwa kazi yake, akarudishwa kwayo.

Zama zake hazikuwa zama za raha. Mwaka 656 (1258) Watatari waliingia Baghdadi wakamwua Khalifa, na vitabu na roho za watu visivyohesabika vikaangamia. Miaka miwili baadaye walikuwa ndani ya Dimashqi, na Nawawi ni kijana wa miaka ishirini na saba hivi. Katika Ramadhani ya mwaka huo huo majeshi ya Misri yaliwavunja pale Ain Jalut. Mtu angeweza kusema kwamba wakati wa moto si wakati wa kuandika vitabu vya dua. Yeye aliona kinyume cha hayo. Alipokaa kuandika hakuinua kalamu tena: sharhe ya Sahih Muslim, Raudha, Minhaj aliyoimaliza mwaka 669, Riyadhus Salihin aliyoimaliza mwaka 670, Arbaini ambayo hadithi zake kwa hakika ni 42, Tibyan juu ya adabu za wenye kuichukua Qur'ani, na Majmu' ambayo mauti yalimkuta hajaimaliza. Mtu aliyekufa na miaka arobaini na tano! Katika sisi wako waliompita umri huo, na bado tunasema tutaanza mwakani.

Mwaka 667 alimaliza kitabu cha Adhkaar. Hiki ndicho tulichokuja kwacho. Humo amekusanya dhikri na dua za Mtume (s.a.w.), zaidi ya hadithi elfu, akataja kila moja imetoka wapi na mara nyingi akabainisha iliyo sahihi na iliyo dhaifu. Watu wa Sham walikipenda hata wakawa wasema kuwa mtu na auze nyumba akinunue. Hafidh Ibn Hajar alikaa akazifuata hadithi zake moja moja kwa kuimlisha wanafunzi, na Ibn Allan wa Makka akakifanyia sharhe kubwa.

Mwenye kukifungua kwa kudhani kuwa atakuta mpango wa hadhara, nani akae kati na nani apige nini, atashangaa. Kitabu chaanza na mtu anayeamka usingizini. Kisha mtu avaa nguo yake, atoka nyumbani, aingia chooni, atawadha, aenda msikitini, asikia adhana, asali, akaa baada ya sala. Kisha asubuhi na jioni, kisha kulala. Yafuata kusoma Qur'ani, kumsalia Mtume, istikhara, shida na hofu, kumzuru mgonjwa, kufa na kuzikwa, mvua na radi, saumu, hija, safari, chakula, salamu, chafya, harusi, kumpa mtoto jina, kuingia sokoni. Kwa Nawawi dhikri si usiku mmoja katika wiki wala mwezi mmoja katika mwaka. Ni siku nzima ya Mwislamu, tangu kufumbua macho hata kuyafumba. Mvuvi anayesukuma ngalawa yake alfajiri akalitaja jina la Mwenyezi Mungu amo ndani ya kitabu hiki, na mama anayetia mkono katika chakula pia yumo.

Mwanzoni aliweka misingi, na twaomba msomaji atulie hapa kidogo. Alisema kwamba dhikri ni ya moyo na ya ulimi, na iliyo bora ni ile iliyokusanya vyote viwili. Ikiwa ni kimoja tu, basi ya moyo ni bora. Tena haifai mtu kuacha dhikri ya ulimi kwa kuogopa asidhaniwe mwenye ria, kwa sababu kuacha jambo jema kwa ajili ya watu ndiko ria kwenyewe. Akaeleza kuwa fadhila ya dhikri haikukomea katika tasbihi na tahlili, bali kila mwenye kumtii Mwenyezi Mungu kwa amali yake ni mwenye kumtaja. Akanakili kutoka kwa Ataa, mmoja katika wakubwa wa Tabiina, kuwa vikao vya dhikri ni vikao vya kufunzwa halali na haramu: vipi utauza na kununua, vipi utasali, utafunga, utaoa, utaacha na utahiji. Basi fundi anayejifunza hukumu za riba kabla ya kukopa yumo katika kikao cha dhikri. Hili wangapi katika sisi walijua?

Akataja adabu za mwenye kumtaja Mola wake. Awe amekaa ameelekea kibla, mnyenyekevu, ametulia kwa utulivu na heshima, ameinamisha kichwa. Mahali pawe pasafi pasipo na shughuli, na kinywa kiwe safi kwa mswaki. Si dhambi kumtaja Mungu katika hali nyingine, umesimama au umelala au unakwenda njiani, lakini asiye na udhuru ameacha lililo bora. Akasema kuwa makusudio ya dhikri ni moyo kuhudhuria, kwa hiyo mtu na ayazingatie anayoyasema na afahamu maana yake. Akasema tena kwamba dhikri za kisharia, za wajibu na za sunna, hazihisabiwi mpaka mtu azitamke kwa namna ambayo yeye mwenyewe azisikia, akiwa masikio yake ni mazima. Mwenye uradi wake maalumu ukampita, na aulipe asiuache, kwani akiuchukulia wepesi mara moja ataupoteza wakati wote. Na akitolewa salamu, au akamsikia muadhini, au khatibu anahutubu, na akate dhikri atimize haki ile kwanza, kisha arejee.

Sasa na tuwapime watu wa pande zote mbili kwa mizani hii, kwani wote wamemfanya hakimu.

Wenye kupenda dhikri za jamaa wasema kwamba Nawawi amesunisha kukaa katika duara za wenye kumtaja Mungu. Ni kweli, amesema hivyo wazi na akaleta hadithi sahihi. Mwenye kudai kwamba Waislamu kukusanyika wakamtaja Mola wao ni uzushi kwa asili yake, huyo hakumsoma. Kisha wasema kuwa katika Minhaj hakuharimisha tari wala kucheza. Hili nalo ni kweli, illa wameacha kusema li wapi katika Minhaj. Sisi tuliosomeshwa Minhaj juu ya mikeka twajua: li katika Kitabu cha Ushahidi. Huko wanavyuoni huangalia mambo gani humvunja mtu uadilifu wake hata ushahidi usikubaliwe mbele ya kadhi, na mambo gani hayamvunji. Humo mna sataranji, mna kuimba, mna tari la harusi na la kutahiri, mna kucheza bila ya kujilegeza kama wanawake. Hukumu yake ni kwamba mwenye kufanya haya ya mubaha hakupata dhambi. Na jambo la mubaha ni jambo la furaha, si ibada. Akazuia ngoma moja khasa, ile iliyo nyembamba kiunoni, kwa jinsi madhehebu yalivyopokea.

Basi Imamu huyu aliandika kitabu kizima juu ya kumtaja Mwenyezi Mungu, hakuacha hata dua ya mtu anayepiga chafya, wala hakutia humo mlango mmoja wa tari. Tari alilitia katika mambo ya mchezo ulioruhusiwa. Mwenye kulitoa kule akalileta huku, akasema ni njia ya kumkurubia Mungu, huyo amehamisha mpaka wa shamba. Na ile sauti inayotoka kifuani bila ya herufi, jina tukufu likatafunwa hata likabaki pumzi, twauliza: itaingia wapi kwa mtu aliyeshurutisha kutamka na kusikia na kufahamu maana?

Liko na jambo zito zaidi, nalo twalitenda karibu kila siku. Katika Adhkaar alibainisha kwamba lililo sawa, walilokuwa nalo watu wema waliotangulia, ni kunyamaza katika kufuata jeneza. Isiinuliwe sauti kwa kisomo wala kwa dhikri wala kwa jinginelo, kwani kunyamaza hutuliza moyo na kuukusanya fikra zake juu ya mauti. Akaonya tusidanganyike na wingi wa wanaokwenda kinyume. Hayo aliyasema katika karne ya saba, Dimashqi. Sisi katika miji yetu jeneza likitoka tu sauti zapaa, na mwenye kunyamaza hutazamwa kama kwamba alikuwa adui wa maiti! Hatusemi kwamba wapazao sauti wamekufuru, wala hatukubali kijana aje amnyamazishe mzee kwa kumkemea makaburini mbele ya wafiwa. Twasema tu kwamba mwenye kudai kumfuata Imamu wa madhehebu yake, hapa pana maneno yake.

Kadhalika Sala ya Raghaibu, rakaa kumi na mbili usiku wa Ijumaa ya kwanza ya Rajabu, na ile sala ya rakaa mia usiku wa nusu ya Shaabani. Katika Majmu' amesema wazi kwamba zote mbili ni bidaa ovu, na asidanganyike mtu kwa kuziona zimetajwa katika Qutul Qulub na katika Ihya. Tazama insafu ya mtu huyu: Ghazali ni bahari ya madhehebu yake, na Wasit ya Ghazali aliisoma darasa mbili kila siku, walakini palipokosekana dalili hakumsitiri kwa ajili ya ukubwa wake.

Ama wale wa upande wa pili, wanaozisoma kurasa hizi kwa furaha, na wangoje. Karibu na mwisho wa Adhkaar upo mlango mrefu wa kuuhifadhi ulimi: kusengenya, fitina, kulaani, kuwacheka watu, kumwita Mwislamu kwa jina baya, kumdhania ubaya. Ulitiwaje katika kitabu cha dhikri? Kwa sababu ulimi ni mmoja. Huwezi kuutia maji matamu asubuhi, na jioni ukautia maji ya shimo la uchafu, kisha ukasema ni mtungi wa kunywea. Tumewaona vijana waliosoma vijitabu viwili wakasimama mlangoni mwa msikiti kuwahisabu wazee wao katika watu wa motoni, kwa sababu ya uradi walioupokea kwa wazazi wao. Nawawi aliipinga bidaa kwa kitabu na dalili, na hakuna aliyepokea kwamba alimtukana mtu. Tena yeye ameruhusu kuitumia hadithi dhaifu katika fadhila za amali maadamu si ya kuzuliwa, na ameandika risala nzima ya kujuzisha kuwainukia watu wa heshima. Mwenye kumchukua amchukue kwa ukamilifu wake, si kwa kumchagua kama achaguavyo tende katika kapu.

Tena dhikri yake ilionekana tumboni mwake. Alikuwa akila mara moja kwa siku baada ya Isha, na kunywa mara moja wakati wa daku. Hakula matunda ya Dimashqi, mji ulio maarufu kwa bustani zake. Alipoulizwa alieleza kuwa bustani nyingi pale ni za wakfu na za mayatima walio chini ya mawalii, na kuzitumia hakufai illa kwa maslaha yao. Tena miamala ya wakulima ina khitilafu baina ya wanavyuoni, basi nafsi yake itatulia vipi? Alikula mkate na tini alizoletewa na wazazi wake kutoka Nawa, na mama yake ndiye aliyempelekea nguo. Mwaka 665 alishika uongozi wa Darul Hadith Ashrafiya, chuo kikubwa cha hadithi, akasomesha humo hata kufa kwake, wala hakula mshahara wake. Hakuoa. Zawadi za watu hakuzipokea, ijapokuwa imesimuliwa kuwa fakiri mmoja alimpa birika naye akaikubali. Wako miongoni mwetu wanaozisoma habari za wakfu za pwani yetu, nyumba na mashamba yaliyowekwa kwa ajili ya misikiti kisha yasijulikane yalikwenda wapi. Hao wataelewa kwa nini tini za Dimashqi zilimkaba kooni.

Mtu wa namna hiyo mfalme hana la kumshika. Sultani Baibars, aliyetawala Misri na Sham tangu mwaka 658 hata 676, alikuwa shujaa aliyewapiga Watatari na Mafranki, na fadhila hiyo haikanushiki. Walakini alitia mkono katika bustani za Ghuta ya Dimashqi, akataka wenyewe walete hati za kuthibitisha milki zao. Nawawi akamwandikia, akambainishia kwamba katika dini kitu kilicho mkononi mwa mtu ni milki yake, hapingwi wala hatakiwi ushahidi. Watu wa pwani, waliokwisha kuulizwa karatasi za ardhi iliyozikwa babu zao, hawahitaji kufasiriwa jambo hili. Jibu la Sultani lilikuja na vitisho. Nawawi akaandika tena, akasema kwa adabu na bila ya kutetemeka kwamba vitisho havimdhuru wala havitamzuia kumnasihi mtawala, kwani ni wajibu juu yake. Imesimuliwa kwamba Sultani aliamuru akatiwe mishahara yake na vyeo vyake, akaambiwa kuwa hana mshahara wala cheo anachokula. Na imesimuliwa tena kwamba alipotakiwa atie mkono katika fatwa ya kuchukua mali za raia kwa ajili ya vita, alikataa. Hoja yake ilikuwa kwamba Sultani ana watumwa wenye mikanda ya dhahabu na vijakazi wenye mapambo: na yatolewe hayo kwanza yaingie katika vita, yakimalizika ndipo atatoa fatwa.

Hapa ndipo tulipotaka kumfikisha msomaji. Mtu huyu hakuwa na makundi mawili ya saa, saa za dhikri na saa za haki za watu. Aliyeandika namna ya kumtaja Mungu sokoni ndiye aliyesimama kuzitetea bustani za watu mbele ya Sultani.

Mwaka 676 aliona kama kwamba ameitwa. Alivirudisha vitabu vya wakfu alivyokuwa ameviazima, akaenda kuzuru makaburi ya masheikh zake akawasomea na kuwaombea na akalia, akawazuru marafiki walio hai akawaaga. Kisha akaenda Nawa, akazuru Baitul Mukaddas na mji wa Khalil, akarudi Nawa. Akaugua katika nyumba ya baba yake, na usiku wa kuamkia Jumatano tarehe 24 Rajabu, Disemba 1277, akafariki. Habari zilipofika Dimashqi mji mzima ulilia. Baba yake alikuwa hai.

Watu walitaka kumjengea kuba. Imesimuliwa kuwa mmoja katika jamaa zake alimwona ndotoni akiwakataza, wakaacha, na kaburi lake likabaki bila ya kuba. Sisi hatuchukui hukumu katika ndoto. Walakini hukumu hiyo alikuwa amekwisha kuiandika yeye mwenyewe macho wazi, kwamba kujenga juu ya kaburi kwachukiza, na likijengwa jengo katika makaburi ya umma lavunjwa. Mwaka 2015, katika vita vya Sham, watu wenye silaha waliliripua kaburi lile kwa baruti, ati kwa kuilinda tauhidi. Mtu aliyekataza kuba walimfanyia kama mwenye kuba, na kama wangalivisoma vitabu vyake wangalijua heshima ya maiti Mwislamu kwake ni ipi.

Katika duara yetu Adhkaar inasomwa baina ya Magharibi na Isha, na tumefika katika mlango wa dhikri za asubuhi na jioni. Wamo humo wapiga matari na wamo wasioyataka, wanakaa mkeka mmoja. Mwenyezi Mungu amrehemu Yahya bin Sharaf, na atujaalie sisi na nyinyi katika wenye kumtaja kwa wingi.